Mpasua Vichwa na Picha ya Ubongo Wake

Siku ya kwanza nilipomwona Mpasua Vichwa, alikuwa ametoka kumrushia mtu taya la ng'ombe. Taya lilimpata mtu huyo begani, likaanguka kwenye sakafu ya damu na maji, naye, mchuuzi wa supu aliyekuja kununua vichwa viwili, akatoka mbio hadi nje ya lango bila vichwa vyake. Kosa lake lilikuwa kusema, "Mzee, leo umeamka mvivu." Mimi nilikuwa nimeandikwa kazi asubuhi ile ile, kuosha matumbo. Nikamuuliza Maalim, mchinjaji wetu, kama mambo yalikuwa hivyo kila siku.

"Si kila siku," Maalim akasema huku akipangusa kisu. "Kuna siku hakuji kabisa. Hizo ndizo mbaya."

Kichinjio chetu kilikuwa nje kidogo ya Kitengela, upande wa Kisaju. Ng'ombe walifika kwa miguu kutoka Kajiado, na wengine kwa malori kutoka mbali zaidi. Maalim, mtu wa Garissa, ndiye aliyekata shingo kwa kutaja jina la Mungu. Wengine walichuna, wengine walipasua mizoga. Vichwa vyote vilipelekwa kwenye kibanda cha bati huko nyuma, kwake yeye. Alikuwa Mkamba wa makamo, mfupi, mwenye mabega ya mtu mara mbili yake. Jina alilopewa na wazazi wake sikuwahi kulitumia hata mara moja.

Nilipenda kumtazama akifanya kazi. Pigo moja kati ya pembe, jingine kisogoni, kisha anaingiza ncha ya shoka na kuizungusha kidogo, fuvu linafunguka. Wapasuaji wengine niliowaona baadaye walitoa ubongo vipande vipande. Yeye aliutoa mzima, akauweka katika viganja viwili, akautazama kwa muda kabla ya kuutia kwenye karai.

"Maswali, kuja uone hii," alikuwa akiniita. Jina hilo alinipa yeye kwa sababu mdomo wangu haukufungwa. Shule niliiacha darasa la sita, nikafanya kazi kwenye machimbo ya mawe, nikachunga kondoo wa mtu Isinya, nikabeba saruji Athi River, na kila mahali nilifukuzwa au niliondoka nikiwa bado nauliza jambo.

"Sehemu gani ndiyo inafikiria?" nilimuuliza.

"Hapa hakuna kufikiria. Iko mafuta na maji tu. Lakini huyu ng'ombe alikuwa anajua njia ya nyumbani, ama siyo? Sasa nionyeshe hiyo nyumbani iko wapi hapa ndani."

Alikuwa na misemo ya namna hiyo, nusu mzaha, nusu hasira. Mteja akilalamika kwamba kichwa ni kidogo, alimwambia, "Chako kimezidi hiki?" Mtu akimwombea baraka, alijibu, "Ombea shoka."

Jambo ambalo sikulielewa ni kwamba hakuweza kumtazama ng'ombe aliye hai. Alizunguka kichinjio kizima na kuingia kwa mlango wa nyuma ili asipite karibu na zizi. Mmaasai muuza ng'ombe akimsalimia, "Supa, ero," aliitikia, "Ipa," macho yakiwa ardhini, kwa sababu nyuma ya Mmaasai yule kulikuwa na ng'ombe. Mtu aliyevunja mafuvu thelathini kwa siku aliogopa jicho la ndama. Nyama ya kichwa hakuionja. Chakula chake kilikuwa isyo la mahindi na maharagwe, analeta kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, anakula amesimama.

Kwa binadamu hakuwa na woga wowote. Nilimwona akimvunja meno mawili mnunuzi wa ngozi. Nilimwona akimpiga mpakiaji kwa mguu wa ng'ombe, wenye kwato na manyoya, mpaka mguu ukamponyoka, kwa kuwa mpakiaji huyo alipiga mbwa teke. Kisha akamfunga jeraha kwa kitambaa chake mwenyewe, akampa sigara, na siku iliyofuata akampiga tena. Kulikuwa na siku ambazo hakupata mtu wa kumpiga, na hizo alikwenda kwenye nguzo ya chuma ya kutundikia nyama akaigonga kwa paji la uso, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Damu ilimtiririka hadi kwenye kidevu. Nilimuuliza alikuwa akifanya nini.

"Natafuta penye kufunguka," akasema.

Siku za kutokuja kazini zilikuwa zinafuatana: tano, sita, mara nyingine zaidi ya wiki. Nilitumwa kumwita, nikamkuta katika chumba chake cha kupanga amelala akiangalia ukuta, macho wazi. Pombe hakunywa. Watu walisema ni uvivu, wengine wakasema amerogwa na mpasuaji aliyefukuzwa kabla yake, na mhubiri wa jirani akasema damu ya wanyama imemlilia. Maalim alimpelekea maziwa ya ngamia kwenye chupa ya soda na kumwekea mlangoni.

"Ni usingizi?" nilimuuliza Mpasua Vichwa.

"Si usingizi. Ni kama wameniwekea ng'ombe mzima juu ya kifua, na bado anapumua." Kisha akaongeza, "Toka, Maswali. Nikiamka nitakuumiza."

Mimi nilitoka. Mwanawe hakutoka.

Mwanawe, Kioko, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, fundi wa mawe. Mama yake alikuwa amekufa zamani, wakaishi wawili katika chumba kile. Mwaka wa mvua ya El Niño, barabara zote zikiwa tope, baba alilala siku tisa. Siku ya tisa Kioko alivuta blanketi na kumwambia, "Amka baba, watu wanatucheka." Mpasua Vichwa akanyanyuka, akachukua mpini wa shoka uliokuwa umeegemezwa ukutani.

Sikuwepo chumbani. Niliona kilichofuata barabarani: Kioko akishikwa na wanawake wawili, leso iliyofungwa kichwani imelowa damu na damu inatoka sikioni, na nyuma yao, hatua kumi hivi, baba yake anatembea pekupeku kwenye tope, mpini bado mkononi. Majirani walikuwa wakimrushia mawe. Jiwe moja lilimpasua shavu, jingine likampiga mgongoni likalia kama ngoma. Hakukwepa hata moja. Alikuwa anamwangalia Kioko tu.

Sikio la kushoto la Kioko halikusikia tena. Alipotoka hospitali alipakia mwiko, timazi na nyundo zake kwenye gunia, akaja kusimama langoni mwa kichinjio, mbele yetu sote.

"Naenda Loitokitok," akasema. "Usinifuate. Siku utasema ulichonifanyia, hiyo siku tutaongea."

"Nilikuwa mgonjwa," baba yake akasema.

"Mgonjwa wa nini?"

Kioko akabeba gunia akaenda.

Swali hilo la mwisho ndilo lililobaki na baba. Alilibeba kwa miaka. Alikwenda Loitokitok mara mbili, akakaa safarini kutwa nzima, na mara zote mbili Kioko alimwona kwa mbali akaingia kwenye mashamba ya nyanya akapotea. "Ananiuliza ni mgonjwa wa nini," aliniambia aliporudi. "Nikimwonyesha, atanisikia. Mtoto wangu si mjinga. Lakini ugonjwa ya kulala unaonyesha namna gani? Haina kidonda."

Mimi ndiye niliyempa jibu, na ningependa kusema nilifanya hivyo kwa huruma. Nilifanya kwa sababu sijawahi kupita karatasi bila kuisoma. Tulifungia nyama magazeti ya zamani, na katika mojawapo nilikuta habari kwamba madaktari wanatumia mashine yenye sumaku kubwa kupiga picha za ubongo wa watu wenye huzuni ya muda mrefu, ili waone kama umbo lake hubadilika. Nilimsomea akiwa ameinua shoka. Alilishusha bila kupiga.

"Mtu akiwa hai?"

"Akiwa hai."

"Bila kupasua?"

"Bila kupasua."

"Soma tena."

Niliisoma mara tatu. Karatasi ile akaikunja akaiweka ndani ya kofia.

Ilichukua muda. Muuguzi wa zahanati ya Kitengela alimsikiliza, akaandika barua, na hatimaye tukafika Nairobi kwa daktari mmoja mwanamke aliyekuwa akifanya utafiti wa namna hiyo hiyo. Alikuwa mpole na hakuwa na haraka. Alimuuliza kuhusu usingizi, chakula, hasira, na kama amewahi kutaka kufa. Jibu la swali hilo la mwisho alilitoa baada ya kunifukuza nje. Nilipoitwa tena, daktari alikuwa akimwambia kwamba alichonacho ni ugonjwa, kinaitwa sonona, na kwamba atapewa dawa, picha ipigwe isipigwe.

"Picha nataka," akasema Mpasua Vichwa.

"Mwilini una chuma chochote, mzee? Ile mashine ni sumaku."

Akacheka, kicheko cha kwanza nilichosikia kwake kwa mwaka mzima. "Mimi? Daktari, niko na shoka mpaka kwa nyusi."

Wakampiga kwanza picha ya eksirei kutafuta vipande vya chuma, macho yakaonekana salama, wakakuta kipande cha chuma kiganjani, wakakitoa. Wiki nyingine akaingizwa kwenye mashine. Aliniambia ilipiga kelele kama watu kumi wanagonga bati, na kwamba alilala ndani yake kama dakika arobaini bila kusogea. "Mara ya kwanza nalala na hakuna mtu ananiita mvivu," alisema. "Waliniambia ahsante."

Alipokwenda kuichukua nilikuwa naye. Daktari alitundika picha mbele ya taa. Ilikuwa karatasi nyeusi ya plastiki yenye vichwa vingi vidogo, vyote vyake, vimekatwa vipande kwa mwanga. Mpasua Vichwa alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa. Niliona midomo yake ikihesabu.

"Iko wapi?" akauliza.

"Nini, mzee?"

"Mahali paliharibika."

Daktari akaonyesha kwa kalamu sehemu ndogo huku na huku, ndani kabisa, iliyopinda kama kidole kilichokunjwa. Akasema sehemu hii inasaidia kukumbuka, na kwamba kwa watu walioumwa sonona miaka mingi imeonekana kuwa ndogo kidogo, watu wengi wakipimwa pamoja. "Lakini picha ya mtu mmoja haiwezi kuniambia kama anaumwa. Yako inaonekana ya kawaida. Hiyo haimaanishi wewe si mgonjwa."

"Sasa inamaanisha nini?"

Daktari akafikiri. "Mzee, wewe unajua ng'ombe. Kundi la kiangazi na kundi la masika, ukiyapima yote, utaona tofauti?"

"Nitaona."

"Nikikuletea ng'ombe mmoja tu, hujui ametoka wapi. Utaapa kwamba ni wa kiangazi?"

"Siwezi kuapa. Kuna mwingine ako mwembamba tu hivyo alizaliwa."

"Basi na mimi siwezi kuapa kwa picha moja. Nimekusikiliza, ndiyo maana najua unaumwa."

Mimi nilielewa, na niliona raha ya kuelewa. Yeye alikunja uso. Njiani, amebeba picha kwenye bahasha kubwa kifuani, alisema, "Huyu mama ni mzuri. Lakini hajawahi kushika ubongo. Kuna mtu anajua kuangalia."

Nilidhani anazungumza juu ya daktari mwingine. Alikuwa anazungumza juu ya Mkaguzi.

Kichwa cha ng'ombe hakikufika kwa Mpasua Vichwa kabla ya Mkaguzi wa nyama kukikata mashavu na kutafuta mbegu za tegu, vile vidonge vyeupe kama mchele. Akivipata, alichana kichwa chote na kuagiza kitupwe shimoni. Asipovipata, nyama ilipigwa muhuri wa rangi ya zambarau. Kwa miaka hiyo yote Mpasua Vichwa hakuwahi kupasua kichwa kilichopitishwa na Mkaguzi akakuta ndani ugonjwa. Hakumpenda, lakini alimwamini kuliko mhubiri na kuliko daktari. Alichotaka sasa ni Mkaguzi atazame ile picha, aone ubovu, aandike kwa mkono wake kwamba kitu hiki ni cha kutupwa. Karatasi hiyo ndiyo angempelekea Kioko.

Asubuhi hiyo wafanyakazi wote walikuwepo. Mkaguzi alikuwa mtu wa gambuti jeupe na koti jeupe, na katika maisha yake hakuwahi kutamka neno sijui.

"Mimi nakagua nyama, mzee," alianza.

"Na hii ni nini? Ni mawe?"

Watu wakacheka. Mkaguzi akaipokea picha, akaielekeza dirishani, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena. Alichukua muda, kwa sababu tulikuwa tunamwangalia.

"Tegu hakuna," akasema. "Jipu hakuna. Huu upande na huu upande ziko sawasawa. Hii kitu ni safi kabisa."

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia. Ni safi kuliko ya huyu," akaninyooshea kidole.

"Pigia muhuri!" mchunaji mmoja akapaza sauti, na wote wakaitikia, "Muhuri! Muhuri!"

Mkaguzi alikuwa mtu wa kupenda kushangiliwa. Alichovya muhuri kwenye wino, akaugandamiza juu ya picha, duara la zambarau juu ya vile vichwa vidogo. "Umepita, mzee," akasema. "Unafaa kuliwa."

Mpasua Vichwa alilichukua shoka kwenye gogo bila haraka. Naamini hadi leo kwamba alichagua kisogo cha shoka na si makali, kwa sababu alikuwa na nafasi ya kuchagua. Pigo la kwanza lilivunja mkono ulioshika muhuri, nilisikia mfupa. La pili lilimpata Mkaguzi gotini, akaanguka akipiga kelele na kutambaa kwenye mfereji wa damu. Mchunaji aliyeanzisha kelele alijaribu kuruka meza, akapigwa mbavuni, akalala. Mimi nilimshika mguu, akanipiga teke la uso. Jino lililotoka siku ile sijalirudisha. Maalim ndiye aliyemrukia mgongoni, akamkumbatia kwa nyuma na mikono yake mirefu, wakaanguka pamoja juu ya rundo la vichwa.

"Niandikie!" alikuwa anamlilia Mkaguzi kutoka chini. "Niandikie ni mbovu! Wewe unajua! Niandikie!"

Alifungwa Kajiado. Mimi niliondoka Kitengela wiki ile ile, kama kawaida yangu, lakini safari hii nilijua ninakimbia nini. Mimi ndiye niliyesoma ile karatasi.

Nilimwona tena baada ya miaka mingi, Kisaju. Viwanja vilikuwa vinauzwa kila mahali na kila mwenye kiwanja alitaka ukuta, kwa hiyo nilipata kazi ya kukoroga saruji. Fundi mkuu alikuwa Kioko. Alikuwa amerudi kutoka Loitokitok, mtu mzima mwenye watoto, na kila aliyezungumza naye alijua kuja upande wa kulia.

Jumamosi ya kwanza niliona mzee mmoja amesimama ng'ambo ya barabara. Vibarua wakasema, "Huyo ni baba ya fundi. Anakujanga kila Jumamosi. Anasema alikuwa mgonjwa, fundi anamgeuzia lile sikio bovu, mzee anaenda."

Nilivuka. Alikuwa amekonda, mabega yamebaki mifupa, lakini macho yake yalikuwa yametulia kuliko nilivyoyajua. Alinitambua mara moja.

"Maswali. Bado unaishi?"

"Bado, mzee. Na wewe?"

"Nakunywa dawa. Yule mama daktari alinitafutia nyingine nilipotoka ndani. Siku za kulala zimekuwa chache." Akagusa mfuko wa shati. "Ameniandikia barua. Ugonjwa umeandikwa hapa, na jina lake, na mwaka. Leo nitamsomea Kioko."

"Usimsomee," nikasema.

"Nini?"

"Mzee, Kioko anajua ulikuwa mgonjwa. Alilala na wewe chumba kimoja. Hajawahi kukuambia umletee karatasi. Alisema useme ulichomfanyia. Umewahi kukisema?"

Akanizaba kofi. Lilikuwa kofi la mzee lakini masikio yalivuma, na wale vibarua wakaacha makoleo wakatutazama. Nikabaki nimesimama. Mkono wake ulikuwa bado juu, na nilifikiri ataniongeza. Kisha akaushusha, akanipita, akavuka barabara bila kuangalia magari.

Kioko alikuwa akipanga mawe, nyundo mkononi. Alipomwona baba yake anakuja, akageuza kichwa kama kawaida. Mzee akazunguka, akaenda kusimama upande wa sikio zima, karibu sana.

"Nilichukua mpini," akasema. Sauti yake ilikuwa kubwa, sote tulisikia. "Nilikuwa mgonjwa, lakini macho yangu yalikuwa mazima. Niliona ni wewe. Ya kwanza nilikupiga kama mtu anajitetea. Ya pili ulikuwa umelala chini na ulikuwa unaniita baba, na nikakupiga. Nikakupiga ya tatu."

Kioko aliinua nyundo. Kibarua mmoja alipiga ukelele. Nyundo ilishuka kwenye ukuta aliokuwa ameujenga tangu asubuhi, saruji ikiwa bado mbichi, akapiga tena na tena mpaka mistari mitatu ya mawe ikaporomoka miguuni mwa baba yake. Jiwe moja lilimwangukia mzee kwenye kidole. Hakujisogeza.

Kioko alisimama akihema, vumbi usoni, nyundo ikining'inia.

"Nne," akasema. "Zilikuwa nne."

Mzee alimwangalia, na niliona akirudi kule chumbani, akihesabu.

"Nne," akasema.